Kuhusu chuo, mwanangu

Neema mwanangu,

Hatujambo huku Babati, mvua tu ndiyo imegoma. Shangazi yako amenieleza kuwa unataka kujaza kozi yoyote mradi iwe Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu wenzako wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) wanakwenda huko, na Sokoine wanaiita shamba.

Waambie hilo shamba lilikuwa kitivo cha Mlimani hadi 1984, ndipo likawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hukohuko Morogoro kuna panya wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Nilipowaona kwenye televisheni nilidhani ni mzaha.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya panya. Ulikuwa darasa la sita ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, ilipotumalizia ng'ombe watatu ndani ya wiki mbili. Wewe ndiye uliyemganda yule daktari wa mifugo mpaka akakuachia ushike kipimajoto. Jioni ile uliniambia utatibu ng'ombe. Hii "kozi yoyote" imetoka wapi? Najua tiba ya wanyama ni miaka mitano. Wenzako watavaa majoho wewe bado unapasua mbuzi. Wavae.

Fungua mwongozo wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, usome kozi na masomo inayodai, jina la chuo lifuate. Ukiona haikufai kabisa, Muhimbili ipo, Dodoma ipo, Mbeya ipo. Ila kiwe chuo cha serikali. Ada ya vyuo binafsi siiwezi, na mkopo wa Bodi ya Mikopo hupimwa kwa uhitaji, huwezi kuuhesabu kabla haujatoka. Cheti chako cha kuzaliwa nimeshakishughulikia RITA, wale wanaosajili vizazi. Fomu ya mkopo ukiichapa itume kwa basi, nitaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji apige muhuri. Na boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka, lisiishie kwenye chipsi.

Nakusihi, jaza namba ya simu yako mwenyewe. Mtoto wa jirani alijaza ya mwenye stationari. Akachaguliwa vyuo viwili, namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja ikaenda kwa yule bwana, naye yuko msibani Singida, simu imezimwa. Dirisha likafungwa.

Ukishajaza nipigie usiku. Mchana nitakuwa mnadani na yule dume mwekundu. Nataka apatikane mnunuzi kabla hujaanza kuulizia nauli na godoro.

Baba yako