Jumapili: Padri aliyepiga hesabu za ulimwengu

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Jumapili baada ya misa ya pili tubaki kwa ukumbi tumalizie ile stori ya sayansi na imani, yule kijana wetu wa kampasi aliuliza kama akisoma fizikia lazima aache rozari na hakuna mtu alimjibu vizuri, iliniuma sana. Sasa nimesoma. Kumbe ile nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang), inayosema ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na moto sana kisha ukapanuka, mmoja wa walioianzisha ni padri Mkatoliki, Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliandika 1927 kwamba ulimwengu unapanuka na hakuitoa kwa kitabu cha Mwanzo, alitumia hesabu za Einstein. Hata Papa Pio XII alipoihusisha na uumbaji 1951, Lemaître hakufurahia, yeye aliona sayansi isimame kwa miguu yake na imani pia. Hapo ndio nataka tukae sana. Ya Galileo, yule mwanasayansi aliyehukumiwa kwa kusema dunia inazunguka jua, tutaigusa, Kanisa lilimkosea na Yohane Paulo II alikubali hivyo 1992, tusiifiche.

Wazazi kujeni na watoto wa sekondari tafadhali, hao ndio wanaulizwa haya maswali shuleni. Chai itakuwepo, mwenye themosi kubwa aniambie leo.