Florida, PhD, na ile shahada ya Wuhan

Gainesville, Florida

Dada na shemeji, shikamooni. Barua hii ni ya nyumba nzima, ila mpeni kwanza mwanenu, mjomba wangu, aisome kabla hajatuma maombi ya PhD.

Mjomba, habari inayozunguka kwamba aliyesoma China, kama wewe uliyesoma Wuhan, hapati nafasi ya utafiti Florida si kweli. Sheria ya jimbo ya kuchunguza watafiti wa kigeni ipo, ni ya 2021, na inataja nchi saba za kutiliwa shaka: China, Urusi, Iran, Korea Kaskazini, Kuba, Venezuela chini ya Maduro, na Syria. Ilitanguliwa na kisa cha Desemba 2019, pale mkurugenzi mkuu wa kituo cha saratani cha Moffitt, Tampa, alipojiuzulu pamoja na watafiti kadhaa kwa sababu ya uhusiano na China ambao haukutangazwa. Wanachokiwinda ni kufichwa kwa mambo, na humo ndimo waombaji wetu wengi wanamojikwaa bila hata nia mbaya.

Chuo cha umma chenye bajeti ya utafiti ya dola milioni 10 au zaidi kinapaswa kumchunguza kila mgeni asiye na ukaazi wa kudumu anayeomba kazi ya utafiti, mwanafunzi akiwemo. Ungekuwa umesoma Chuo Kikuu cha Sokoine peke yake, bado ungechunguzwa. Wuhan haikuingizi kwenye uchunguzi. Itakuongezea maswali tu. Na haya yote hufanyika kabla ya usaili, kwa hiyo profesa akikaa kimya wiki kadhaa usianze kumtumia barua za kulia.

Watakuomba nakala kamili ya pasipoti, kurasa zote, na nakala kamili ya fomu ya viza ya DS-160 uliyoijaza mara ya mwisho, kama umewahi kuijaza. Hapa watu wanateleza sana. Ile karatasi yenye msimbo wa mistari unayokwenda nayo ubalozini ni uthibitisho tu, haina majibu yako. Ukimaliza kujaza, kabla ya kufunga ukurasa, chapisha fomu nzima uihifadhi kama PDF. Chuo kikishachukua taarifa kinazozihitaji, kinaruhusiwa kuiharibu nakala hiyo au kukurudishia.

Kisha wasifu. Ule wa kurasa mbili unaopeleka kwa waajiri wa Dar haufai. Orodhesha kila chuo ulichosoma baada ya sekondari, kila kazi tangu ulipotimiza miaka 18, na kila ulichochapisha. Ile miezi ya kufundisha tuisheni kwa mshahara, iandike. Bango ulilowasilisha kwenye kongamano, liandike. Ufadhili wa serikali ya China uliokusomesha, uandike mbele ya shahada yenyewe bila aibu. Kama kuna mradi wa utafiti unaoendelea kukulipa, taja kiasi, kazi yako ndani yake, na mradi unahusu nini. Shughuli za kitaaluma za nje ya chuo nazo hutangazwa, hasa zenye taasisi ya nchi hizo saba.

Wao wataandikia waajiri wako wa miaka 10 iliyopita na vyuo vyote ulivyosoma, watapekua machapisho yako kwenye hifadhi za wazi, na kuangalia jina lako kwenye orodha za vikwazo. Kwa hiyo andaa mapema barua pepe rasmi ya ofisi ya usajili, siyo namba ya simu ya katibu muhtasari aliyekwisha kuhama. Kampuni iliyofungwa, andika kwamba imefungwa na uambatishe barua ya ajira. Halafu majina: kama vyeti vya Wuhan vimeanza na jina la ukoo na pasipoti imeanza na lako, au herufi moja imepotea, eleza tofauti hiyo kwa mstari mmoja. Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo inayorudisha faili nyuma.

Ukiacha kitu kikubwa, sheria inasema huajiriwi, isipokuwa mkuu wa idara athibitishe kwa maandishi ulichoacha na kwa nini kipuuzwe. Maandishi hayo hubaki kwenye faili lako. Ni wakuu wachache watakaojitwika mzigo huo kwa mtu wasiyemjua.

Mwaka 2023 ikaja sheria nyingine, kali zaidi, iliyozuia vyuo vya umma kuingia mikataba na mtu mwenye makao ya kudumu katika nchi hizo saba asiye raia wala mkaazi wa kudumu wa Marekani, mpaka bodi ya jimbo iridhie. Iliwaumiza wanafunzi Wachina wenyewe, na 2024 baadhi yao wakaenda mahakamani Miami. Wewe usijiingize humo kwa uzembe: pale penye anwani ya kudumu andika ya Morogoro, ambako ndiko kwenu, bweni la Wuhan liwe anwani ya muda.

Ukishapata kazi, safari ya nje kwa shughuli za chuo inaombewa kibali kabla, hata kongamano la Arusha. Kuja kumwona bibi haimo. Ila ukialikwa kutoa mhadhara Wuhan na kulipwa, omba kibali kwanza na utunze risiti. Chuo kinatakiwa kuhifadhi kumbukumbu hizo si chini ya miaka 3.

Nitumie rasimu ya wasifu kabla hujaipeleka. Shemeji, tafadhali mtafutie cheti halisi cha kidato cha sita. Nakala ya simu haisomeki.