YAH: Malalamiko kuhusu gurudumu la nyuma la baiskeli lililosukwa kinyume cha agizo langu

Kwa Meneja,

Assalaam aleikum.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa mimi sikuipata heshima hiyo kwenye kaunta yenu. Nakala ya risiti mnayo na masharti ya dhamana mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo siyarejei. Nililipa shilingi 140,000 nisukiwe gurudumu la nyuma lenye habu (kitovu cha gurudumu) ya alumini ya matundu 36, bering zake ziwe za kufungwa ili maji ya masika yasiingie, na kila spoku ipishane na nyingine mara 3. Nilichokipokea bandarini Mkoani ni gurudumu ambalo spoku zake zimenyooka kutoka habu hadi ringi, bila ya kupishana hata mara moja.

Fundi wenu anapaswa kujua kwamba gurudumu la mbele la baiskeli nyepesi huweza kusukwa hivyo, lakini la nyuma halifai, kwa kuwa mnyororo unapoivuta habu, spoku iliyonyooka haina mshazari wa kuipokea nguvu ile, na kila mkanyago huikunja shingoni. Zangu zilikatika 4, zote za upande wa friwili, yaani upande wa mnyororo, nikipandisha kilima na magunia mawili ya karafuu mbichi, karafuu zikamwagika njiani.

Hata hayo ningeyasamehe. Nilipovuka bahari kulirudisha, kijana wenu alizigonga spoku kwa ukucha mbele ya wateja, akasema, “Mzee, hii ndiyo fasheni, nyinyi wa Pemba mmezoea magurudumu ya gari la ng'ombe,” kisha akanitupia risiti yangu.

Kabla ya safari hiyo nilishapiga simu mara 3, na ni nyinyi mlioniambia nije mwenyewe.

Narudia, Bwana Meneja, kwa sababu hukuniona siku ile: risiti ilianguka sakafuni. Ina mwandiko wa kijana yule yule, “36, kupishana 3”, na mimi, mtu wa miaka 61, niliinama kuiokota huku watu wanacheka, naye ameshageuka kumuuliza mteja mwengine anataka kengele ya rangi gani.

Nilikusudia kuomba lisukwe upya tu. Sasa hilo halitoshi. Nataka habu mpya, maana ukingo wa hii umeshapata ufa kwenye tundu moja, spoku mpya zote 36 zisizoshika kutu, nauli yangu ya boti kwenda na kurudi, na kijana huyo anipigie simu mwenyewe aniombe radhi. Zikipita siku 14 bila ya jibu, sitalitaka tena gurudumu lenu: nitadai fedha zangu zote, na nitakwenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar na zile spoku 4, ambazo nimezifunga ndani ya gazeti pamoja na risiti, bado ina alama ya kiatu.

Wenu,
Mteja, Wete, Pemba