Ada au kamera? Naomba ushauri kuhusu binti yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ili wasomaji wenye uzoefu wanishauri kabla sijafanya uamuzi utakaomwathiri mtoto kwa miaka mingi. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na ninamlea binti wa marehemu kaka yangu, aliyemaliza kidato cha nne na kupata C mbili na D nne. Ndugu wanamshauri asomee ualimu au uuguzi, lakini yeye anataka kuwa mpiga picha, na nakiri kwamba sikulitilia jambo hilo maanani mpaka siku aliponionyesha kazi yake.

Alikuwa ameazima kamera ya jirani akaenda nayo alfajiri kwenye soko la samaki la Deep Sea. Katika picha moja vinaonekana viganja vya mchuuzi aliyeshika samaki aina ya changu, magamba yamemganda kwenye kucha, na jua la asubuhi linapita ubavuni mwa mikono yake kiasi kwamba kila gamba linang'aa peke yake. Nilipomuuliza kwa nini hakusubiri mchana penye mwanga wa kutosha, alinijibu, "Shangazi, jua la saa sita linapiga utosini, linafuta sura ya kitu. La saa kumi na mbili linakuja ubavuni, ndipo vitu vinajitokeza." Hakuna mtu aliyemfundisha hayo, na tangu siku hiyo sina amani ya kumlazimisha kwenda kwingine.

Tatizo ni fedha. Gawio la kikoba pamoja na akiba ya kushona sare za shule vimenipa shilingi 1,900,000, na kamera iliyotumika yenye lenzi moja tumetajiwa shilingi 850,000. Nikiinunua, kinachobaki hakitatosha ada, chumba cha kupanga na chakula. Nikilipa chuo, atakwenda darasani mikono mitupu, na sijui mtu anajifunzaje kupiga picha kwa kungoja zamu ya kamera ya chuo.

Mwaka jana tuliwahi kuumia. Tulilipa shilingi 30,000 za fomu kwa chuo kimoja cha binafsi kilichotuahidi kozi ya picha, lakini nilipouliza habari za usajili majibu yakawa ya kuzungusha, na nilipolitafuta jina lake kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, sikuliona. Fedha hazikurudi. Sasa siulizi ada ya chuo chochote kabla sijaiangalia orodha hiyo.

Chuo ninachokifikiria zaidi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kuwa ni cha Serikali na kina historia, kwani kilianza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa. Sifa zake ninazozisikia, hata hivyo, ni za ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi, na ninahofu kwamba picha mnato zitakuwa kipande kidogo ndani ya masomo mengine. Kufika stashahada kwa kawaida ni miaka mitatu, kutoka ngazi ya 4 hadi ya 6, nami sina ndugu hata mmoja Bagamoyo wa kumpokea. Kwa hiyo kinachonitisha si ada peke yake, bali kodi ya chumba ya miezi yote hiyo.

Yupo pia mzee mwenye studio hapa Ngamiani ambaye yuko tayari kumpokea bila malipo. Ni mtu mwema na anaijua kazi, ila kazi yenyewe ni picha za pasipoti na harusi, na binti hatapata cheti cha kumwonyesha mwajiri.

Waliosoma Bagamoyo, naomba mniambie: mwanafunzi anaishika kamera kwa saa ngapi kwa wiki, na je, ada hulipwa kwa awamu? Na ninyi mnaoishi kwa kazi hii, mteja aliwahi kukuulizeni cheti, au huangalia picha tu? Je, nikinunua kamera sasa, akae studio mwaka mmoja huku akiweka akiba ya kazi za harusi, kisha ndipo aombe chuo, nitakuwa nimemsaidia au nimemchelewesha? Mwenye kamera amekubali kutusubiri hadi mwisho wa mwezi huu.

Shangazi wa binti,
Ngamiani, Tanga