Aliyeamuru geti lifunguliwe ndiye aliyesema limevunjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila mwezi Aprili mashabiki wa Liverpool, wakiwamo maelfu wa hapa kwetu, huwakumbuka waliokufa katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza. Wengi wanaijua idadi yao, 97. Yaliyotendwa na wenye dhamana baada ya vifo hivyo yanajulikana na wachache zaidi, nami naona hayo ndiyo yanayotuhusu sisi.

Ilikuwa Aprili 15, 1989, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Mashabiki zaidi ya 10,000 wenye tiketi za kusimama walipangiwa kupita katika geti saba tu za kuzunguka, zile nyembamba zinazopitisha mtu mmoja mmoja. Msongamano ulipozidi nje, kamanda wa polisi wa mechi hiyo, David Duckenfield, ambaye alikuwa hajatimiza hata mwezi katika wadhifa wake, aliamuru saa 8:52 mchana geti kubwa la kutokea lifunguliwe. Watu wapatao 2,000 waliingia na kufuata handaki lililokuwa mbele yao, ambalo liliwapeleka moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, vilivyokuwa vimeshafurika, huku vizimba vya pembeni vikiwa na nafasi. Hakuna aliyeagizwa kulifunga handaki hilo. Mbele kulikuwa na uzio wa chuma, na watu walikufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hata pumzi haiingii.

Mwamuzi alisimamisha mchezo saa 9:06 alasiri. Dakika chache baadaye, watu wakiwa bado wanakata roho uwanjani, kamanda yuleyule aliwaambia viongozi wa chama cha soka kwamba mashabiki ndio waliolivunja geti. Uongo huo ulizunguka dunia nzima kabla ya jua kuzama. Ilipita miaka 26 ndipo alipokiri kwa kinywa chake mwenyewe, mwaka 2015, kwamba alidanganya.

Yaliyofuata hayakuwa bahati mbaya tena. Maiti walilazwa katika ukumbi wa mazoezi wa uwanja huo, na wazazi waliofika kuwatambua watoto wao waliulizwa, hapo hapo, kama marehemu alikuwa amekunywa pombe. Damu ya marehemu ilipimwa kilevi, hata ya watoto. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10. Siku ya nne gazeti la The Sun lilichapisha, chini ya kichwa cha habari kilichodai kuwa huo ndio ukweli, kwamba mashabiki waliwaibia wafu na kuwakojolea askari. Watu wengi wa Liverpool hawalinunui gazeti hilo mpaka leo.

Jaji Taylor, aliyeongoza uchunguzi wa serikali, alikwisha kusema mwaka uleule wa 1989 kwamba sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kuongoza umati. Hata hivyo uchunguzi wa vifo ulimalizika mwaka 1991 kwa kuviita vifo vya ajali, na kombe likafunikwa ili mwanaharamu apite. Ilibidi familia zihangaike hadi mwaka 2012, tume huru ilipofungua nyaraka na kukuta kwamba maelezo 164 ya maofisa yalikuwa yamebadilishwa, na katika 116 kati yake maneno yaliyowalaumu polisi yalikuwa yameondolewa. Tume iliona pia kwamba watu 41 huenda wangepona kama huduma ingewafikia mapema. Aprili 2016 jopo la raia walioapishwa lilitamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria.

Na adhabu? Duckenfield alishtakiwa mwaka 2017, na mwaka 2019 akaachiwa huru. Kesi ya waliotuhumiwa kupotosha haki kwa kubadilisha maelezo ilianguka mwaka 2021, kwa kuwa maelezo hayo yalipelekwa kwenye uchunguzi wa Taylor, ambao haukuwa mahakama kisheria. Aliyepatikana na hatia ni mmoja tu, katibu wa zamani wa klabu iliyomiliki uwanja, kwa sababu ya ile idadi ndogo ya geti za kuzunguka. Alitozwa faini ya pauni 6,500. Nimeisoma tarakimu hiyo mara nyingi na kila mara inaniumiza.

Ninaandika haya nikiwa na sababu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwama kwenye geti la uwanja mmoja, siku ya mechi ya watani wa jadi, nikiwa na mwanangu wa miaka tisa. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi na nyuma yetu watu walizidi kuja. Niliposikia miguu yake haigusi tena chini, nilimwinua kwa mkono mmoja, kwa maana wa pili ulikuwa umebanwa mgongoni mwa mtu nisiyemjua, mpaka kijana aliyekuwa juu ya ukuta akampokea. Askari alikuwa akitufokea tuache fujo. Hakufa mtu siku hiyo, lakini nilielewa kwamba kama tungekufa, neno lililokuwa tayari kuandikwa juu yetu ni hilo la fujo.

Machi 21, 2021 watu 45 walikufa katika Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Polisi walieleza kwamba baadhi ya watu hawakuwa na subira na walijaribu kuingia kwa nguvu. Sisemi kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Ninasema kwamba chombo kilichopewa kazi ya kulinda umati hakiwezi kuwa ndicho pekee kinachotueleza kwa nini umati ulikufa.

Uingereza yenyewe imechelewa mno: muswada wa kuwalazimisha watumishi wa umma kusema kweli baada ya maafa ulifikishwa bungeni Septemba 2025, miaka 36 baadaye. Sisi, Kenya na Uganda tunaandaa AFCON ya mwaka 2027. Naomba serikali zetu ziweke katika sheria, kabla ya mechi ya kwanza, kwamba kifo cha uwanjani kitachunguzwa na tume isiyo ya polisi wala ya shirikisho la soka, kwamba maelezo ya kila askari yatahifadhiwa kama alivyoyaandika yeye mwenyewe, na kwamba ripoti itachapishwa kwa Kiswahili ili mama wa marehemu aisome.

Kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo zaidi. Msemaji atakapowaambia waandishi wako kwamba mashabiki walivunja geti, wamwulize nani alikuwa na ufunguo, kisha waende hospitali wakawasikilize majeruhi kabla gazeti halijaenda mitamboni.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Temeke, Dar es Salaam