Kabla ya kuuliza kampuni, uliza nyumba ina waya gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kila anayehamia nchi nyingine hukutana nalo tangu wiki ya kwanza, lakini ambalo sijaliona likiandikwa kwa kina linachostahili. Habari za viza, tiketi na kutafuta nyumba zimeandikwa sana. Habari ya kuchagua mtoa huduma wa intaneti ya nyumbani huachwa kila mtu aijue kwa hasara yake, na mimi ni mmoja wa walioijua kwa njia hiyo.

Mgeni huwa na swali moja: kampuni gani ni nzuri? Nililiuliza siku ya tatu baada ya kufika, na mwenyeji wangu, aliyenitangulia kwa miaka kadhaa, akanijibu kwa nia njema kabisa kwamba yeye yuko na kampuni fulani na hajawahi kuilalamikia. Jioni hiyo hiyo nikajaza fomu, nikakubali mkataba wa miezi 24, nikalala nimeridhika. Fundi alipokuja alisogeza kochi, akapiga magoti, akafungua kisanduku cheupe cha plastiki kilichokuwa ukutani karibu na sakafu, na ndani yake mlikuwa na nyaya mbili nyembamba za shaba, basi. Nikamwuliza kama hiyo ndiyo faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopitisha data kwa mwanga, niliyoiona kwenye tangazo. Akanieleza kwa upole kwamba faiba inaishia kwenye kabati la mtaani, lile sanduku la mitambo lililo kando ya barabara, na kutoka hapo hadi kwangu ni waya wa simu ya mezani wa tangu zamani. Kampuni ilikuwa ile ile ya mwenyeji wangu, kifurushi kile kile na bei ile ile. Kilichotofautiana ni nyumba.

Ninachotaka kuwaambia wasomaji wenzangu, basi, ni kwamba swali la kwanza liwe juu ya anwani, na jina la kampuni lije baadaye. Kampuni moja inaweza kuwa imefikisha faiba hadi mlangoni katika jengo moja, na katika jengo la ng'ambo ya barabara ikawa inapitisha huduma yake kwenye shaba. Ramani za matangazo zilizopakwa rangi moja mji mzima hazielezi hilo. Kinachosaidia ni kuandika anwani kamili, pamoja na namba ya mlango kama ni ghorofa, kwenye tovuti ya kila kampuni inayofika eneo hilo, kisha kulinganisha majibu na ramani ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi, pale ambapo ipo. Marekani, kwa mfano, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, FCC, ina ramani inayoonyesha huduma zilizopo nyumba kwa nyumba, na Uingereza mamlaka ya Ofcom ina ukurasa wa kuangalia huduma kwa anwani. Kazi hii huchukua nusu saa, na inafaa ifanywe kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, si baada yake.

Waya wa shaba una tabia ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni kwamba kasi hupungua kadiri waya unavyorefuka. Teknolojia ya VDSL, inayopitisha intaneti kwenye waya huo wa simu, inaweza kukaribia megabiti 100 kwa sekunde, au hata kuzipita, ikiwa kabati la mtaani lipo mita mia chache tu kutoka kwako. Kabati likiwa umbali wa kilomita moja na nusu, kasi huwa imeporomoka hadi kukaribia ile ya ADSL, teknolojia iliyoitangulia, ambayo hata toleo lake lililoboreshwa halivuki megabiti 24 au zaidi kidogo. Kwa hiyo unaposoma tangazo lisemalo "kasi ya hadi megabiti 100", neno la kulitazama ni hilo dogo, "hadi". Kwangu mimi, "hadi 100" ilikuwa 17, na kampuni haikuwa imevunja ahadi yoyote.

Aina nyingine nitazipitia kwa ufupi. Faiba inayoingia hadi ndani ya nyumba ndiyo ya kuchukua ikiwa ipo, na sioni sababu ya kuendelea kutafuta. Waya wa koaksia, ule uliotandazwa kwa ajili ya televisheni, hupakua kwa kasi kubwa, lakini nyumba nyingi za mtaa hugawana uwezo ule ule, hivyo asubuhi mambo huwa safi na saa tatu usiku, watu wote wakiwa mbele ya skrini, yakabadilika. Intaneti ya nyumbani ya 4G au 5G inategemea mnara wa simu: dirisha linalouelekea mnara na dirisha la upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo yanaweza kutoa matokeo mawili tofauti kabisa, na kuta za zege huzidisha tofauti hiyo. Setilaiti ni ya yule ambaye waya haumfikii na mnara haumfikii. Hapo ajue kwamba setilaiti za zamani zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta humfanya anayeongea asubiri zaidi ya nusu sekunde kabla ya kujibiwa, wakati zile za chini, kama za Starlink zilizo kwenye kilomita mia chache tu, hazina tatizo hilo kwa kiasi cha kusumbua mazungumzo.

Naomba nikae zaidi kwenye jambo moja linalotuhusu hasa sisi tulio mbali na jamaa zetu, yaani kasi ya kupakia. Tangazo hutaja kasi ya kupakua, kwa sababu ndiyo kubwa. Lakini unapompigia mzazi simu ya video, uso wake hukujia kwa kasi ya kupakua na uso wako humfikia kwa kasi ya kupakia. Kwa miezi kadhaa mimi nilikuwa namwona mama yangu vizuri kabisa, hadi maua ya kanga yake, na yeye alikuwa ananiambia, "Mwanangu, umeganda tena." Nilidhani simu yake ndiyo mbovu. Nikamtumia fedha anunue nyingine, na simu mpya ilipofika nikaganda vile vile. Siku nilipopima kasi ya kupakia kwangu nikakuta haifiki megabiti moja, na wakati huo huo simu yangu ilikuwa inapeleka picha zangu zote kwenye hifadhi ya mtandaoni bila mimi kujua, hivyo hata hicho kidogo kilikuwa kinagombaniwa. Tangu mwaka 2024 FCC huihesabu huduma ya nyumbani kuwa ni ya kasi inayokubalika ikiwa na megabiti 100 za kupakua na 20 za kupakia, na hiyo namba ya pili ndiyo ningependa kila msomaji aiulize kwa sauti anapoongea na muuzaji.

Kwa upande wa kupakua, wengi hununua kuliko wanavyohitaji. Netflix yenyewe inashauri megabiti 5 kwa filamu ya ubora wa 1080p na 15 kwa ile ya 4K. Familia ya watu wanne wanaotazama vitu vinne tofauti kwa wakati mmoja haifiki megabiti 100. Inafaa pia kukumbuka kwamba megabiti si megabaiti: baiti moja ni biti nane, hivyo kifurushi cha megabiti 100 hushusha takriban megabaiti 12.5 kwa sekunde, na anayeiona namba hiyo kwenye kompyuta yake asidhani ameibiwa.

Sasa nije kwenye mkataba. Mgeni anabanwa pande mbili. Upande wa kwanza, kampuni nyingi hutaka akaunti ya benki ya nchini, kitambulisho cha mkazi, na wakati mwingine historia ya kulipa madeni, vitu ambavyo aliyefika juzi hana. Upande wa pili, nyumba ya kwanza aghalabu huwa ni ya muda. Mtu hupata kazi upande mwingine wa mji, au hupata chumba cha bei nafuu, akahama kabla ya mwaka kwisha. Kwa sababu hizo mbili naona mkataba wa miezi 24 unaosainiwa wiki ya kwanza ni kosa, hata kampuni iwe nzuri namna gani. Nunua laini ya simu ya malipo ya kabla yenye bando kubwa, gawa intaneti kutoka kwenye simu kwa mwezi mmoja au miwili, uifahamu nyumba na mtaa, kisha ndipo uamue. Wapo watakaosema kwamba mkataba wa mwezi kwa mwezi ni ghali zaidi. Ni kweli kwa bei ya mwezi. Lakini hesabu ya haki ni kujumlisha kila kitu kwa miezi unayotarajia kukaa: ada ya kufungiwa, kodi ya ruta (kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani), bei ya ofa na bei itakayofuata ofa ikiisha, na gharama ya kuvunja mkataba ukihama mapema. Mimi nilihama baada ya miezi 8. Nyumba mpya ilikuwa nje ya eneo la kampuni ile, na nililipa sehemu kubwa ya miezi 16 iliyobaki kwa huduma ambayo sikuitumia hata siku moja.

Sheria za nchi nyingine humlinda mteja, ila ni lazima azijue. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2015 inataka mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje kasi ya chini kabisa, kasi inayopatikana kwa kawaida na kasi ya juu kabisa, za kupakua na za kupakia. Mkataba hauruhusiwi kumfunga mteja zaidi ya miezi 24 mwanzoni. Na aliyejiunga kwa simu au mtandaoni kwa kawaida ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Marekani, kampuni kubwa zilianza mwaka 2024 kutakiwa kuweka jedwali la wazi la bei, ada na kasi mahali pa kuuzia. Anayehamia nchi nyingine yoyote aulize kama kuna kinga za namna hiyo, na aulize kabla fundi hajaja.

Watu wa kuulizwa ni wawili. Wa kwanza ni jirani wa jengo lile lile, kwa kuwa rafiki anayeishi mitaa mitano mbali, hata awe mkweli vipi, anakueleza habari za waya wake. Mwulize jirani saa tatu usiku huwaje, na mtandao ukikata huchukua siku ngapi kurudi. Wa pili ni mwenye nyumba: soketi iko chumba gani, je anaruhusu ukuta utobolewe ikiwa faiba haijaingia, na je mpangaji aliyetoka alikata huduma yake. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ninamfahamu mtu aliyengoja wiki tano kwa sababu laini ya nyumba ilikuwa bado inasomeka kwa jina la aliyehama. Na mwenye nyumba akikwambia kwamba intaneti imo ndani ya kodi, omba kuonyeshwa ruta ilipo. Ikiwa iko kwake, ghorofa mbili chini yako, hiyo ni intaneti yake anayokuachia mabaki.

Huduma ikishafungwa, ipime ndani ya zile siku za kubadili mawazo, na uipime kwa haki. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, pima asubuhi, pima usiku, andika namba pamoja na tarehe. Ukipima kwa simu ukiwa chumbani na ruta iko sebuleni, unaupima ukuta. Waifai ya masafa ya gigahezi 5 ina kasi lakini huchoka haraka mbele ya kuta, ile ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi lakini ni ya polepole na hugombaniwa na ruta za majirani wote. Nimeona watu wakivunja mikataba yenye gharama kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kuitoa ruta kwenye kabati la viatu na kuiweka juu ya rafu.

La mwisho ni ruta yenyewe. Mara nyingi ni mali ya kampuni, na usipoirudisha wanakutoza. Nilipohama niliirudisha kwa mkono wangu, pamoja na waya wake wa umeme na kile kichujio kidogo cha laini ya simu ambacho nilikaribia kukitupa, nikaomba risiti yenye namba iliyoandikwa chini ya ruta. Miezi mitatu baadaye walinitumia barua kudai bei ya ruta. Niliwapelekea nakala ya risiti ile, na hawakuandika tena.

Ni mimi msomaji wako,
Mpangaji wa Ughaibuni