Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Msimu wa 2024/25

Ndugu wanachama,

Katika mikutano ya matawi mwaka huu swali moja limenifuata kila nilikokwenda, na halikuulizwa kwa upole: chama cha wakulima wa mbegu za mtama na uwele wa Dodoma na Singida kinatafuta nini kwenye vikao vya utafiti wa kilimo kusini mwa Afrika? Gaborone, mji mkuu wa Botswana, ni mbali, nauli inatoka kwenye ada zetu, na ndege aina ya kwelea kwelea wakija hawatui huko kwenye makao makuu ya SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, wanatua shambani kwetu. Tawi moja lilimalizia kwa kusema viongozi wanafuata posho. Habari za fedha mweka hazina ameshaziweka mezani na kila mmoja ana nakala yake, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nitajibu swali.

Tuanze na Macia, mbegu ambayo wengi wetu ndiyo inayotuwekea mkate mezani. Mtama huu mweupe, mfupi, unaokomaa mapema, haukuzaliwa kwenye vituo vyetu vya utafiti vya Hombolo wala Ilonga. Nchi tisa zilipokutana Lusaka mwaka 1980, Tanzania ikiwemo, na kuunda umoja ambao mwaka 1992 uligeuka kuwa SADC, ziligawana majukumu. Sisi tulipewa viwanda, na utafiti wa kilimo ukaenda Botswana. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha uratibu, SACCAR, huko Gaborone, na kazi ya mtama na uwele ikawekwa Matopos, nje kidogo ya Bulawayo, Zimbabwe, chini ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu. Matopos walipokea mbegu kutoka India na kwingineko, wakazichuja kwenye ukame wao, kisha wakazigawa kwa watafiti wa kila nchi wazijaribu kwenye udongo wao.

Macia ilipitishwa Msumbiji mwaka 1989. Botswana waliipitisha mwaka 1994 na kuiita Phofu, Zimbabwe na Namibia wakafuata mwaka 1998, na kwetu ikafika mwaka 1999. Hebu tazameni hiyo miaka. Mbegu ni ileile, ukame ni uleule, na bado mkulima wa Kongwa alisubiri muongo mzima baada ya mwenzake wa Msumbiji, kwa sababu kila nchi ilianza majaribio upya kana kwamba jirani hakufanya chochote. Kwa maoni yangu, hasara ya ile miaka kumi inazidi nauli zote ambazo chama hiki kitawahi kulipa.

Ndiyo maana makubaliano ya SADC ya kuoanisha kanuni za mbegu, yaliyoanza kutumika mwaka 2013, yanatuhusu moja kwa moja. Aina iliyokwisha kupitishwa katika nchi mbili wanachama inaweza kuingizwa kwenye orodha ya kanda na kuuzwa kwa wengine bila kurudia majaribio yote. Nisiwadanganye lakini: mlango huo umenufaisha zaidi kampuni zenye mahindi chotara. Mtama na uwele hazina mvuto kwao, kwani mkulima akinunua mara moja anajiwekea mbegu ya msimu ujao. Mazao yetu yataendelea kutegemea utafiti wa umma, na utafiti wa umma hauendi bila mtu wa kuusukuma.

Sasa hao ndege. Mwezi wa nne nilikuwa kwenye shamba la mwanachama mmoja aliyepanda Macia bega kwa bega na lugugu, mtama wetu wa asili. Watoto walikuwa juu ya ulingo tangu alfajiri, kombeo mkononi, wamekaukwa sauti. Upande wa Macia masuke yalikuwa yamebaki makapi matupu. Lugugu, lenye punje nyekundu na chungu, ndege walilionja wakaliacha. Mwenye shamba aliniuliza, mwenyekiti, hao watafiti wenu hawakujua ndege anapenda nini? Walijua. Walitafuta mtama wa ugali na wa soko, na mtama mtamu kwa mtu ni mtamu kwa kwelea kwelea pia. Kuamia peke yake hakutoshi, kwa sababu makundi hayo huhama mkoa hadi mkoa na nchi hadi nchi. Kazi ya kuwadhibiti kikanda, pamoja na viwavijeshi na nzige wekundu, iko kwa shirika la pamoja lenye makao Ndola, Zambia, ambalo Tanzania ni mwanachama wake. Mwaka 2009 nzige wekundu walipolipuka kwenye mbuga za Iku, Katavi, walinyunyiziwa kuvu badala ya sumu ya viwandani, na mlipuko ukazimwa kabla haujawa baa. Shirika kama hilo huendeshwa kwa michango ya nchi. Wabunge wetu wakija kuomba kura, waulizeni mchango wa Tanzania umelipwa hadi lini.

Na fedha ndizo ugonjwa wa haya yote. Programu ya Matopos ilitegemea sana fedha za Marekani, na ilipofungwa mwaka 2003 majaribio mengi ya kanda yalikosa mwenyewe. CCARDESA, kituo cha SADC cha kuratibu utafiti wa kilimo kilichochukua nafasi ya SACCAR mwaka 2011, kilianza nacho kwa fedha za wafadhili. Mwaka 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na mwaka uliofuata wakuu wa SADC wakaja Dar es Salaam kutia saini azimio lao la kilimo na usalama wa chakula. Nchi zilizotimiza hiyo asilimia 10 mfululizo ni chache mno. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisitisha misaada yake na miradi ya utafiti wa mtama na uwele ikafungwa katikati ya msimu. Kulalamika hakutusaidii, maana shamba la majaribio kwa fedha ya mgeni huvunwa siku mgeni anayotaka.

Msimu wa 2023/24 ulitukumbusha gharama. Wakati sisi tunahangaika na mafuriko ya El Niño, Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na malori ya mahindi yakaelekea mpakani Tunduma. Mahindi ndiyo yaliyokauka kwao. Wakulima wenzetu wa kule sasa wanatafuta mbegu za mtama na uwele, na sisi tunazalisha mbegu za kuazimiwa ubora, zenye ukaguzi mwepesi kuliko zilizothibitishwa kamili, ambazo, kwa kanuni zetu za ndani, haziruhusiwi kuvuka mpaka.

Kamati yenu inaleta mapendekezo haya myapigie kura. Matawi yenye uwezo yaanze kuzalisha mbegu zilizothibitishwa kamili chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ili tuweze kuuza nje. Kila tawi likusanye mbegu za asili zilizobaki, lugugu na langalanga zikiwa za kwanza, tuzipeleke benki ya mbegu ya taifa Arusha, ambayo nakala zake huhifadhiwa kwenye kituo cha kanda cha SADC karibu na Lusaka. Tuiandikie CCARDESA itoe miongozo yake kwa Kiswahili, kwani ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019 na maafisa ugani wetu wanaihitaji. Na uwakilishi wa chama kwenye vikao vya kanda uendelee, kwa sharti kwamba anayekwenda asomee matawi ripoti yake ndani ya mwezi mmoja, la sivyo arudishe nauli.

Ghala la Kongwa limeezekwa upya. Mizani bado haijatengenezwa.

Muda wangu kikatiba umekwisha. Fomu za kugombea nafasi hii ziko kwa katibu, na mwisho wa kuzirudisha ni saa sita mchana wa leo.